Mikono Iliyolaza Watoto wa Mtaa

Mama mkwe wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Nimeombwa nieleze maisha yake kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye mwishoni. Ndugu wamenisihi nisiseme mengi. Nitasema yaliyokuwa.

Alisoma hadi darasa la nne, kisha akatolewa shule ili alee wadogo zake. Alikuwa akisema hakuikumbuka shule, ila kengele ya kwenda nyumbani.

Mwaka 1967 aliolewa na dereva wa malori, ambaye ametangulia. Walijaliwa watoto wanne. Kitinda mimba ndiye aliyenioa.

Kwa ajira, marehemu alikuwa mfagiaji wa wodi ya wazazi hadi alipostaafu mwaka 2003. Lakini ninyi mlimjua kwa jina la Mama Mikono. Jioni kina mama walijaa barazani kwake na watoto wasiolala. Hakumkanda mtoto aliyetoka kunyonya. Alipasha mafuta viganjani, akaanza na miguu, polepole, akapanda tumboni kwa kuzungusha, akamalizia mgongoni.

“Akigeuza uso, amekwambia basi,” alifundisha. “Usimlazimishe. Hata wewe ukikandwa kwa vita hulali.”

Mwoka mikate alileta watoto wake mapacha, akasinzia yeye kabla yao. Mikate ikaungua, na mtaa mzima ukanywa chai kavu. Alipoulizwa kama wanawe walisumbua, marehemu alijibu, “Wangu? Walilala kama magogo.”

Mwaka 2004 nilijifungua binti. Alilia. Marehemu alimkanda kila jioni, mwezi mzima, naye akalia vilevile.

“Wifi,” dada mkubwa wa mume wangu aliniambia mbele ya watu, “mikono ya mama imelaza mtaa mzima, huyu ameishinda. Kwetu hatuna mtoto wa hivi. Mtafute baba yake.”

Mume wangu aliyaamini hayo, akafunga begi, akaondoka. Nilimtazama mama mkwe aseme neno. Alikuwa anafuta mafuta vidoleni. Akakunja kitambaa, akaingia ndani. Nikamlea binti yangu peke yangu, kwa kufua nguo za watu.

Mwaka 2022 marehemu alipigwa na kiharusi upande wa kushoto. Wanawe walikuwa na shughuli zao. Nikaenda mimi; hakuna aliyenituma, wala aliyenizuia. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamkanda miguu kama alivyowakanda watoto. Nilichoka, sitadanganya.

Mchana mmoja aliniambia, “Mumeo ndiye aliyenifundisha kazi hii. Hakuwa analala yule. Alilia mpaka baba yake akaomba safari za mbali. Nilimkanda mwaka mzima bila kufanikiwa. Binti yako ni yeye mtupu.”

“Mbona hukusema siku ile, mama?”

“Ningesema, nani angeniletea mtoto tena?”

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Alisikia. Aliiweka chupa mezani, akaniambia sukari imekwisha.

Marehemu aliniomba radhi mara moja, kwa sauti ya chini. Niliitikia. Kusamehe ni kazi, na mimi nilikuwa na kazi nyingi.

Alifariki Jumanne tarehe 21 Oktoba 2025 asubuhi, maji ya kumwogesha yakiwa bado moto.

Jana, tulipokaa kupanga maneno haya, wifi alisema, “Andika wajukuu sita, tusigombane msibani.” Mimi sigombani. Sina nguvu hizo.

Marehemu ameacha watoto wanne, wakwe watatu pamoja nami, na wajukuu saba. Wa saba ndiye aliyeniandikia haya kwa mkono wake, na ndiye mnayemsikia akiwasomea. Mtazameni uso, kisha mtazameni baba yake.

Mama, umechoka, nasi tumechoka. Lala sasa kwa amani.