Mzee Spiriti na Bandeji Iliyolowa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mzee Spiriti, alizaliwa tarehe 4 Aprili 1953, mtoto wa tatu wa mkunga na muuza mkaa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968. Hesabu zilimpiga chenga, lakini daftari lake halikuwahi kuwa na doa.

Mwaka 1971 alijifunza unyozi, na 1976 akafungua kibanda chake. Mashine aliifuta kwa spiriti mbele ya kila mteja, kisha akaifuta tena.

"Mzee, nimekuja kunyolewa au kufanyiwa operesheni?" mteja mmoja alilalamika.

"Vyote viwili havitaki uchafu. Inamisha kichwa."

Tarehe 12 Mei 1979 alifunga ndoa na muuza vyombo wa duka la mkabala. Alikuwa ameazima kioo kwake, akakaa nacho mwezi mzima ili apate sababu ya kwenda kuomba radhi. Walijaliwa watoto watatu.

Januari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Ili apewe dawa, aliwekewa kifuani mpira mwembamba ulioingia kwenye mshipa mkubwa. Kifungua mimba wake, binti ambaye ni msusi, alifundishwa kuutunza: bandeji ikilowa, ibadilishwe papo hapo. Manesi walimsifu mno, na sifa zikamlevya. Jumapili, tarehe 5 Juni, bandeji ililowa alipokuwa akimwogesha baba yake. Mpya zilikuwa zimeisha, na saluni wateja walikuwa wanamsubiri. Akaikausha kwa mashine ya kukaushia nywele.

Jumanne homa ilimtetemesha mzee hadi kitanda kikalia. Hospitalini daktari aliuliza, "Bandeji iliwahi kulowa?"

"Hapana, daktari." Aibu ilimjaa binti, akashindwa kusema kweli.

Daktari alipotoka, mzee alinong'ona, "Waambie, mwanangu. Hakuna atakayekung'ata."

"Nitawaambia, baba."

Hakuwaambia. Kwa kuwa hawakujua, mpira uliachwa mahali pake. Ijumaa maabara ilikuta kwenye damu vijidudu vya majini, ambavyo mtu mwenye afya havimsumbui. "Haya maji yaliingilia wapi?" daktari alishangaa. Mpira ukatolewa, lakini mzee alikuwa ameshachoka. Alifariki Jumatatu, tarehe 13 Juni 2022, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, wana wawili, binti mmoja na wajukuu watano. Habari ya bandeji haimo kwenye karatasi za wasifu wake mlizoshika. Mama na wadogo zangu wanaisikia sasa hivi, pamoja nanyi, kwa sababu binti huyo ndiye anayewasomea.

Baba, nimewaambia. Pumzika.