Bi Tope Anatuachia Kopo Lake

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye faili ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Bi Tope, na anaitika.

Alianza kwa kuosha vyupa. Mwaka wake wa kumi na tisa alipima chaza wa ghuba yetu, akakuta kemikali za baruti zilizovuja kutoka kwenye mabomu chakavu yaliyozamishwa baharini zamani. Alirudia kipimo mara nne, akiomba awe amekosea. Kisha akasaini ripoti iliyofunga ghuba. Dada yake wa tumbo moja, mchuuzi wa chaza, alikosa kazi siku hiyohiyo na akamnunia kabisa.

Bi Tope hakukaa kulia. Alichota tope la palepale penye mabomu akalitia koponi, akiamini kwamba vijidudu vilivyoizoea sumu ile vimeshajifunza kuila. Kila asubuhi alivilisha kijiko cha molasi na kuvijulia hali kama wajukuu. Wenzake walimcheka, mpaka vipimo vilipoonyesha baruti inapungua.

Hapa nakiri kosa langu. Wiki yangu ya kwanza, nikijifanya mchapakazi, niliona kopo linanuka, nikalisugua kwa dawa likang'aa. Kazi ya miaka mitatu ikaenda na maji. Niliandika barua ya kuacha kazi. Bi Tope aliisoma, akaikunja, akainama chini ya sinki na kutoa kopo la pili nyuma ya ndoo. Alisema anatujua sisi wapenda usafi.

Vizazi vya kopo hilo ndivyo vilivyomwagwa ghubani miaka sita mfululizo. Mwaka jana chaza walionekana safi mara tatu, ghuba ikafunguliwa. Dada mtu hakutaka kusoma ripoti. Alikuja maabara na ndoo ya chaza waliopikwa, akaitua mezani, akamwambia mdogo wake aanze kula yeye. Bi Tope alikula kumi na wawili huku machozi yakimtoka. Dada akavuta kiti, wakamaliza ndoo pamoja.

Asante, Bi Tope. Tunakuombea afya, usingizi mnono na dada asiyenuna tena. Kopo umemkabidhi yuleyule aliyeliosha, na heshima hiyo imenigusa sana. Ila jana nilichungulia chini ya sinki. La akiba bado lipo.