Marehemu Miraji Silima, Aliyefundisha Watu Kuanguka

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mabwana na mabibi mliofika hapa Mpendae kwenye hitma hii ya leo, Jumanne tarehe 14 Januari 2025, kwetu si ada kusoma karatasi ya namna hii, maiti wetu husomewa Yasini, akaombewa dua, watu wakala wakatawanyika, lakini wanafunzi wa marehemu wameomba historia yake isomwe, na familia imekubali, kwa sababu tangu Jumamosi tuliyomzika kuna neno linazunguka mabarazani, na sisi wenyewe, tuseme kweli, limetuvuruga vichwa. Neno lenyewe mnalijua. Vipi mtu aliyekula na kulisha watoto wake kwa kufundisha watu kuanguka, afe kwa kuanguka kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe? Tutafika huko, kwanza tumtaje kwa utaratibu.

Marehemu Miraji Silima Kificho alizaliwa Mangapwani tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa Mzee Silima Kificho, mchoma chokaa, na Bi Sichana Muslim, mzaliwa wa Tumbatu, wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Alianza skuli pale pale kijijini mwaka 1968, akaja mjini kuendelea, akamaliza kidato cha tatu mwaka 1978, hodari wa hesabu, mvivu wa kuandika, na mwembamba hata upepo ukimsukuma, na hapakuwa na mti wala ukuta Mangapwani ambao hajawahi kuanguka kutoka juu yake, mpaka Bi Sichana akawa anawaambia jirani zake kwamba mtoto huyu kuzaliwa kazaliwa, lakini kusimama bado hajaamua.

Mwaka 1980 aliajiriwa ukuli bandarini, na mwaka uliofuata ikaja meli moja ya mizigo, ikaharibika mashine, ikakaa miezi saba. Meli hiyo ilikuwa na mpishi, mtu mfupi wa makamo, ambaye kila jioni akishuka gatini kufanya mazoezi ya judo peke yake. Wako wanaosema alikuwa Mjapani, wako wanaoapa kuwa ni Mkorea, na marehemu mwenyewe hakupata kujua, maana lugha ya kusemezana hawakuwa nayo, akimwita Bwana Mpishi tu. Siku ya kwanza Bwana Mpishi alimshika mkono, akamtupa chini, kisha akamwonesha namna ya kuanguka, kidevu kifuani, mgongo uviringe, na mkono upige chini kabla ya kichwa kufika, na siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na mwezi wa pili, na wa tano. Jioni moja Miraji akafika gatini akakuta meli imeshang'oa nanga, na somo la pili hakulipata, wenzake bandarini wakamcheka kwamba kasoma nusu ya mchezo, tena nusu ya anayeshindwa.

Hiyo nusu nyingine aliifuata Dar es Salaam, alikokaa kuanzia mwaka 1984, na mwezi wa Juni 1987 akarudi nyumbani na mkanda mweusi, akapata kazi ya ulinzi kwenye hoteli moja ya Shangani. Hapa ndipo familia ilipoanza kutomwelewa, na wengine wetu tumekufa na kuzikana bila ya kumwelewa, kwa sababu kijana mwenye mkanda ule angeweza kulinda wakubwa, angeweza kufundisha vijana kupigana wakamlipa vizuri, naye mwaka 1989 akaiacha hoteli, akakodi banda hapa hapa Mpendae, akashona magodoro ya magunia yaliyojazwa usumba wa makumbi ya nazi kutoka Chwaka, akatangaza kwamba anafundisha kuanguka. Kaka zake walipomweka kikao kumuuliza ana nini, aliwajibu, "Kumwangusha mtu nshajua, sijamuona alonishukuru," akaomba ruhusa akaenda zake kusali.

Tulidhani atakufa na njaa. Wakaanza kuja watoto, wakafuata wakwezi wa minazi kutoka Chwaka, wakafuata mafundi wanaotengeneza majumba ya Mji Mkongwe, wanaofanya kazi juu ya vyuma vya kutisha, na mwisho wakaja mabibi wazima wanaoogopa utelezi wa chooni, akawatengea siku yao na pazia lao. Alilipwa kwa fedha, kwa nazi, kwa samaki, mwaka mmoja kwa dirisha zima la mbao, na wengi mliokaa hapa leo viungo vyenu vimesalimika kwa ajili yake. Mnaikumbuka sauti yake, na mnaikumbuka ile ndoo, kwa sababu kila mwanafunzi ilibidi aanguke akiwa amebeba kitu, na kila anayeng'ang'ania alichobeba alirudishwa mwanzo, huku mwalimu akipiga kelele, "Achia! Ulobeba kitupe, mkono uwahi chini! Ndoo n'takununulia mimi!"

Alifunga ndoa na Bi Mardhiya Badar tarehe 6 Septemba 1991, Kiponda, nyumbani kwa wazee wake mwanamke, watu wenye asili ya Omani ambao zamani walikuwa na mashamba. Wakati wa posa Mzee Badar aliuliza kijana anafanya kazi gani, mshenga wetu akajibu anafundisha watu kuanguka, mzee akauliza kama kuna mtu asiyejua kuanguka. Upande wa pili wa pazia Bi Mardhiya aliangua kicheko, na wanawake waliokuwa naye wakasema tangu pale wameshajua jibu. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, Riyama mwaka 1992, Suhaib mwaka 1995 na Khairiya mwaka 2000, na Riyama ndiye aliyeichukua kazi ya baba yake, mwalimu wa wanawake katika banda lile lile.

Mwezi wa Mei 2019 Bi Mardhiya alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalala, na ulimi ukawa mzito. Wakati huo walikuwa wanakaa Kiponda, katika nyumba aliyorithi, ghorofani, na kuhama hakutaka. Basi kila siku baada ya sala ya Alasiri marehemu alimbeba mikononi akamteremsha kwenye ngazi ile ya kizamani, iliyosimama kama ukuta, akamkalisha chini kwenye daka la mlangoni apate kuzungumza na jirani zake, kisha akarudi juu peke yake kumchukulia mto wa kuegemea, na hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyozoea kumuona.

Ijumaa tarehe 10 Januari 2025, baada ya Alasiri, jirani yao Bi Kulthum alisikia kishindo, akaingia, akamkuta marehemu amelala chali chini ya ngazi, na Bi Mardhiya amekaa sakafuni pembeni yake, amemshika shati. Kila mtu akaelewa kwamba ameshamkalisha mkewe kama kawaida, akapanda kufuata mto, ubao ukamvunjikia, akaanguka. Alipelekwa hospitali, akafariki alfajiri ya Jumamosi tarehe 11 kwa jeraha la kichwa, akazikwa Mangapwani siku hiyo hiyo baada ya Adhuhuri.

Maneno yakaanza kabla udongo haujakauka, mwalimu wa kuanguka kaanguka, watu wakicheka kwa haya, nasi tukainamisha vichwa. Jana Jumatatu wazazi kadhaa walikuja kuwaondoa watoto wao, kwa adabu, na Riyama akasema anayakunja magodoro ayagawe, kwa sababu atasimama mbele ya watu awaambie nini, ikiwa mkono wa baba yake mwenyewe haukuwahi chini? Suhaib, aliyeshiriki kumuosha baba yake, alikuwa na fumbo lake jingine, akalificha mpaka asubuhi ya leo, kama inavyompasa muoshaji, kwamba viganja vya baba yake havikuwa na alama yoyote, lakini migongo ya mikono na viwiko vilikuwa vimechubuka vibaya. Na Bi Mardhiya hakuna aliyemuuliza, wanaume hatuingii kwa mwenye eda, na wanawake walimhurumia kumchosha ulimi.

Leo baada ya sala ya Alfajiri alimwita Riyama, na maneno aliyompa, yaliyomchukua mpaka jua likatoka, ametaka yasomwe hapa mbele yenu wote. Anasema Ijumaa ile marehemu alikuwa hajamkalisha. Walikuwa karibu na chini, ubao wa ngazi ukavunjika, akamhisi mumewe anakwenda kinyumenyume naye akiwa mikononi mwake, na yeye Mardhiya, ambaye tangu augue neno moja humchukua muda, alipiga kelele lile neno alilolisikia maisha yake yote ya ndoa, likatoka safi, "Achia, Miraji! Achia!" Marehemu hakuachia. Mikono yote miwili aliipeleka nyuma ya kichwa cha mkewe na mgongo wake, akaanguka chali, na yeye juu ya kifua chake, hakupata hata mchubuko. Alinyamaza siku zote hizi akiogopa itasemwa yeye ndiye aliyemuua, na anasema mpaka sasa hajui amshukuru au amkasirikie, akianza hili linamjia lile.

Riyama ameyakunjua magodoro, na darasa litaendelea Jumamosi tarehe 18 Januari baada ya Alasiri. Ametuuliza akifika kwenye somo la ndoo awaambie nini wanafunzi, na kikao kizima cha familia, wazee kwa vijana, kimelileta swali hilo kwenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye usiku kucha, Bi Kulthum na majirani wa Kiponda, watu wa Mangapwani kwa kaburi na wa Mpendae kwa sufuria, wakwezi wa Chwaka waliolibeba jeneza, na wanafunzi wake wote, na kwa yeyote aliyekosewa naye tunamuombea marehemu msamaha.

Mwalimu, miaka yote ulitupigia kelele tuachie tulichobeba, na leo zamu yetu ya kukuachia wewe imefika, mikono haitaki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mola akupokee kama ulivyompokea mkeo, upumzike kwa amani. Amin.