Kifuniko cha Chungu

Sogeeni, wanangu, na mmoja wenu afunge dirisha, kwani ule ufagio ukisikia kwamba ninakufa utatoka kuwatangazia majirani kabla sijamaliza kusema. Nawe, mdogo wangu, usisimame mlangoni kama mteja. Keti hapa miguuni pangu, nikuone uso.

Karakana ya uchawi namwachia binti yangu mkubwa, kwa kuwa yeye peke yake kati yenu hajawahi kumgeuza mtu kitu asichokiomba. Fimbo zangu ni za mdogo wake, ila ile yenye ufa isiguswe, maana ndiyo iliyomwotesha mwashi mkia, na mkia ule hadi leo umekataa kutoka. Kioo kinachowasifu watu kwa uongo apewe kitinda mimba, ambaye amekihitaji tangu alipoanza kunyoa ndevu. Chungu kikubwa kibaki jikoni pale pale, pamoja na kifuniko chake, na hicho kifuniko ndicho kilichonifanya niwaite.

Mmekua mkiamini kwamba namdharau baba yenu mdogo. Miaka thelathini na mmoja mmemwona akipita karakanani kila asubuhi, kabla ya kwenda kushona viatu vyake, akinisalimu, nami nikiendelea kukoroga kana kwamba hakuna aliyeingia. Mama yenu alinisema mpaka akachoka, akazikwa akiwa bado amenikasirikia. Leo nakiri: sikuwa namsikia.

Siku yalipoanza haya tulikuwa bado tunafanya kazi pamoja, na nilikuwa nimetunga ubeti wa kumwotesha mwokaji mikate ndevu. Ndevu zikaota kwenye tanuri lake. Mdogo wangu akahesabu kwa vidole, mbele ya mwokaji, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Kaka, mstari wako wa tatu unachechemea. Umezidisha mizani moja."

Alisema kweli, nami kweli hiyo ikanichoma. Nikamgeukia, nikasema, "Sitaki kuisikia sauti yako tena maishani mwangu." Chungu kilikuwa kinachemka wazi. Mimi, niliyewafundisha nyote kwamba kifuniko huwekwa kabla fundi hajasema neno lake mwenyewe, nilikuwa nimekiacha sakafuni.

Chungu kikatii. Alifungua kinywa kunijibu, nikaona midomo tu. Nyinyi mlimsikia; mlicheka utani wake mezani, nami nikacheka kwa kuwafuatisha, mara nyingine nikachelewa. Nilijaribu beti mia nne za kulitangua neno lile, nikaambulia masikio mawili ya ziada, ndiyo maana sijavua kofia mbele yenu. Salamu yake ningeweza kuisoma midomoni, lakini ningeiitikia angeanzisha mazungumzo, na ingejulikana kwamba fundi mkuu alisahau kifuniko. Nikaona afadhali aamini kwamba namchukia. Hilo, mdogo wangu, si kosa la chungu. Ni langu. Nisamehe.

Usiufiche uso wako. Nikikosa kuiona midomo sina kitu kingine.

Wanangu, shikeni haya. Chungu kisichemshwe wazi hata kwa maji ya chai. Mwashi ashonewe suruali mpya kila mwaka, yenye nafasi. Mwenye hasira atoke nje kwanza, arudi imeshapoa. Na baba yenu mdogo asinyamazishwe na mtu, hata mkiona nimefumba macho. Mwacheni aseme, kwa kuwa nilitamka "maishani mwangu", na maisha yenyewe yamebaki haba, huenda pale ukingoni...

Mpendane. Mikono yenu isitetemeke juu ya moto. Beti zenu zitimie, na zisipotimia, mpate mtu wa kuwacheka, na mumsikie. Nimewaridhia nyote. Nipeni maji... basi, acheni.

Nani amekohoa?

Sauti yako imekuwa ya kizee. Nilikuwa naikumbuka nyembamba. Sema tena, mdogo wangu... taratibu... kama unavyosema pale mlangoni.

Marahaba.