Jiwe Kando ya Jiko la Kingi

Alasiri moja ya mwaka tisini na sita, kwenye baraza yenye kivuli nyuma ya Biashara Street, ubishi ulikuwa juu ya jiwe lililotoshana na punje ya mahindi. Charo alikuwa ameliweka juu ya leso, kando ya jiko la Kingi, muuza kahawa. Jefwa, nduguye Charo, alimletea kutoka machimbo ya Kasigau, upande wa Voi, pamoja na agizo moja: likigeuka jekundu, nifuate. Asubuhi jiwe lilikuwa la kijani. Sasa lilikuwa jekundu, na basi la Voi lilikaribia kuondoka. Kamaludin, aliyesomea sheria na ambaye baraza nzima ilimwita Ushahidi, alisogeza miwani.

— Keti, Charo. Yapo mawe ya namna hiyo: juani huwa ya kijani, kwa mwanga wa taa au wa moto huwa mekundu. Hapa jua halifiki, jiko lipo. Kesi imekwisha.

— Ni adimu kushinda almasi? aliuliza Kingi.

— Almasi! alicheka Sattar, muuza leso. Almasi huchimbwa nchi chungu nzima. Lile jiwe la buluu la machimbo ya Mererani, duniani latoka pahali pamoja tu. Na hili la Charo, marehemu babangu alinunua mawe maisha yake yote, hakupata kuliona.

— Ndiyo maana mlima hulipiza, alisema Kingi. Ukiutwalia cha pekee, nao hutwaa mtu.

— Tena mzima! alidakia Sattar. Wachimbaji husikia nyundo upande wa pili wa mwamba, pasipo na shimo.

— Nani alisikia, Sattar? aliuliza Kamaludin. Jina lake? Hizo ni habari za kuambiwa.

— Ni Jefwa, alisema Charo polepole. Alisikia mwenyewe. Akigonga, zagonga. Akinyamaza, zaendelea.

Kamaludin alimkatiza.

— Kesho piga simu Voi. Usiache kazi kwa sababu ya mwanga wa makaa.

Charo aliketi. Hapo akatokea Mwanaesha, jirani aliyehamia juzi, chetezo mkononi.

— Masalkheri. Kaka, nigaie kaa la moto nichomee udi.

Kingi aliinua dele lake la kahawa. Halikuwa na tone.

— Moto, dada? Umezimika tangu adhuhuri. Hawa nimewanywesha kahawa baridi, kwa kelele zao hawakutambua.

Mwanaesha alilitazama jiko, kisha leso.

— Basi hilo limepata wapi wekundu?

Kamaludin alitia vidole jivuni. Lilikuwa baridi. Akatafuta mwanga dirisha kwa dirisha, kichochoro kizima; hapakuwa na taa hata moja iliyowaka. Charo alikuwa ameshasimama kuliwahi basi, jiwe lingali jekundu mkononi.

— Ningoje, alisema Kamaludin, akivitafuta viatu vyake.