Miaka Kumi ya Spesheli na Kosa la Maman Drocella

Risala ya wafanyakazi wa Kiwanda na Kabare ya Munyemana, Giheke, Wilaya ya Rusizi, ikisomwa mbele ya mgeni rasmi

Mgeni rasmi, Maman Mukabalisa, Mwenyekiti wa Umoja wa Wenye Viwanda Vidogo vya Vinywaji. Mwenye kiwanda chetu, Papa Munyemana, pamoja na familia. Viongozi wa kijiji. Wateja mliokwisha kukaa na ninyi mnaotafuta kiti: amani iwe kwenu.

KARIBU

Sisi wafanyakazi kumi na mmoja wa kiwanda hiki na kabare yake, yaani baa, tumefurahi kukuona. Tuliambiwa utafika saa nne, nawe umefika saa nne. Jambo hilo limetuchanganya kidogo, maana hema lilikuwa bado halijasimama, lakini karibu sana.

Tunasoma kwa Kiswahili kwa kuwa tumesikia umekulia Bukavu, kama Papa mwenyewe. Pia aliyechaguliwa kusoma, yaani mimi Nasiri, mfunga vizibo, nimezaliwa ndani ya Kiswahili pale Kamembe. Sababu nyingine ya kunichagua ni dini yangu. Wenzangu walisema, "Nasiri hajawahi kuionja bia hii, kwa hiyo hana kinyongo nayo."

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunaye mwenzetu wa kuponywa, na tunamtaja mapema asije akapotea katikati ya maneno mengi. Ni Maman Drocella, mpika bia wetu, yule mama wa mwisho kwenye benchi mwenye kitenge cha kijani. Ana barua ya kufukuzwa kazi, na Ijumaa hii ndiyo siku yake ya mwisho. Wewe leo umetuletea Cheti cha Kudumu Miaka Kumi. Tunakuomba utusikilize kwanza, cheti baadaye.

HISTORIA FUPI

Kiwanda kilianza miaka kumi iliyopita, Papa Munyemana aliporudi kutoka Bukavu na mapipa manne ya plastiki na wazo moja. Wazo lilikuwa kwamba Giheke ina ndizi, na barabara ina watu wenye kiu. Hakukosea hata kidogo.

Mapipa yale yalikuwa ya mawese. Mwaka wa kwanza bia yetu, tuliyoiita Spesheli, ilikuwa inateleza mdomoni. Wateja walikunja uso, wakazoea. Mwaka wa pili mafuta yakaisha kwenye mapipa, nao wakaja kulalamika kwamba siku hizi tunapunguza vitu, bia imekuwa nyepesi. Hapo ndipo Papa alipojifunza somo ambalo limekiendesha kiwanda hiki mpaka leo: muntu anaweza kuzoea chochote, mradi usimbadilishie.

MAFANIKIO

Ukurasa huu tumeandikiwa na Papa mwenyewe, na tunausoma kama ulivyo.

"Bia ya Spesheli ni fahari ya Rusizi. Wateja wanaipenda kwa ubora wake. Katika miaka kumi haijarudishwa hata chupa moja. Hapa makofi."

Samahani, hayo ya makofi nadhani hayakuwa ya kusomwa. Lakini mliopiga, asanteni.

KWA NINI TUMEDUMU

Maman Mwenyekiti, katika barua yako uliuliza siri ya kudumu kwetu ni nini. Papa alikujibu kwa neno moja, "ubora". Sisi tumelizungumza swali lako wiki nzima, tukifunga vizibo, na majibu yetu ni marefu kidogo.

La kwanza ni uwanja. Malori ya saruji yakitoka Muganza hayana mahali pengine pa kugeuzia kwenye kilima hiki. Dereva akishageuza kwako na kumwaga vumbi lake kwako, anaona haya kuondoka hivihivi. Anashuka, anakunywa moja, anaondoka. Hajaipenda bia, ameupenda uwanja.

La pili ni sambaza za Maman Shadia, mpishi wetu wa jikoni. Mtakula leo, mtaona. Zile samaki ndogo anazikaanga mpaka zinalia menoni, anazitia chumvi na pilipili bila huruma, na mtu akila sahani moja ulimi unakufa ganzi. Baada ya hapo ukimpa maji ya mfereji atasema Mungu akubariki. Tumemuuliza Shadia kama ni makusudi. Akasema, "Miye ninaificha aibu yenu tu."

Halafu kuna mvua. Mvua ya Rusizi mnaijua, haiombi ruhusa. Sisi tuna paa, na viti vyetu vina mgongo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwetu hapa, Maman, kibaya hakijitembezi hata hatua moja. Kimekaa kwenye kiti chenye mgongo kinangoja mvua.

Na kuhusu ile habari ya chupa kutorudishwa, ni kweli kabisa. Nusu ya Spesheli yetu inanunuliwa kwa ajili ya mahari, arusi na kutembelea waliojifungua. Anayenunua hainywi. Anayekunywa amepewa zawadi, na zawadi hairudishwi wala haisemwi vibaya. Kuna familia moja ya Giheke, hatuitaji, ilipokea kreti tatu kwa wakwe. Ikazihifadhi vizuri, ikazitoa kwenye arusi nyingine. Tunaamini kreti zile bado zinatembea.

Mwisho wa majibu ni Mzee Byiringiro na Mzee Mahoro, wale wawili pale karibu na nguzo, wateja wetu wa miaka tisa. Siku moja Maman Drocella alimuuliza Mzee Byiringiro kwa upole, "Mzee, hivi unaipendea nini Spesheli?" Mzee akainama akamwambia, "Maman, siipendi. Lakini Mahoro anaipenda sana, na mimi siwezi kumwacha rafiki akanywe peke yake." Kesho yake akamuuliza Mzee Mahoro. Naye akasema vilevile, jina tu ndilo lililobadilika. Wazee wetu, poleni, mnasikia leo mbele ya watu. Miaka tisa!

Kwa hiyo, mgeni rasmi, mtu asikudanganye kwamba bia mbaya inahitaji bahati ili idumu. Inahitaji uwanja, pilipili, paa na watu wenye adabu. Rusizi watu wenye adabu ni wengi mno.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa ni kwamba mwezi wa sita tulitengeneza bia nzuri.

Ilitokea hivi. Papa alivuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu kwenye msiba wa dada yake mkubwa, Mungu amrehemu, akakaa wiki mbili. Huku nyuma Maman Drocella alifungua pipa lililokuwa tayari kutiwa kwenye chupa, akanusa, akafunga. Akafungua tena. Kisha akasema, "Hii siiuzi. Mimi niko na batoto, banakutana na bantu njiani." Tukalimwaga pipa lote kwenye migomba. Hata mbuzi wa jirani walisogea pembeni.

Akaanza upya kama alivyofundishwa na mama yake. Ndizi akazivundika shimoni siku zote zinazotakiwa, wala hakuzitoa zikiwa nusu mbichi na kuziongezea sukari. Mapipa tuliyaosha kwa maji ya moto, tukitumia mikono, kwa maana brashi ya kiwanda imebaki mpini. Akakamua, akatia mtama uliokaangwa, akafunika, akangoja siku tatu. Tulikuwa tunapita pale kunusa kama watu wanaotembelea mama aliyejifungua.

Jumamosi ile bia ilitoka. Mimi sikuionja, wallahi, lakini niliona nyuso. Madereva waliagiza ya pili. Mmoja aliiangalia chupa, akaigeuza kusoma karatasi yake kama kwamba amepewa ya kampuni nyingine. Uwineza, anayehudumia mezani, alisema ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kuweka chupa mbele ya mteja bila kugeuka haraka. Sisi huku nyuma tulifunga vizibo tukiimba. Maman, tulikuwa hatujui kwamba tunaona aibu mpaka siku ile ilipotutoka. Saa sita mchana bia ikaisha.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Jumapili watu walikuja wakiuliza, "Ile ya jana iko wapi?" Tukawapa ya pipa la zamani lililobaki. Wakanywa kidogo, wakasukuma glasi. Kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kusukuma glasi! Papa aliporudi kutoka msibani alikuta malalamiko yanamngoja uwanjani. Aliita mkutano hapohapo, na maneno yake tunayanukuu.

"Drocella, umeniharibia bantu! Ile yangu balikuwa bameshaizoea. Sasa banajua!"

Maman Drocella akamwambia, "Lakini Papa, si ilikuwa nzuri?"

"Nzuri ya nini? Na kesho utaniletea ingine ya namna ile? Na kesho kutwa?"

"Ndiyo, Papa. Kila siku. Ni kuosha mapipa na kungoja siku tatu."

"Siku tatu! Kamiyo ya saruji inangojaka siku tatu?"

Wiki iliyofuata barua ikaja. Tunayo hapa nakala yake. Inasema Maman Drocella anaachishwa kazi kwa kosa la "kubadilisha ladha ya kampuni bila idhini". Amepika hapa miaka minane, akipika vibaya kwa kuagizwa, na hakuna siku aliyoandikiwa hata onyo. Alipopika vizuri mara moja akafukuzwa. Ana watoto wanne, na mkubwa wao yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Tumekasirika, mgeni rasmi. Tunalisema kwa heshima, lakini tunalisema.

Na tusijitoe sisi. Miaka kumi tulijua, tukacheka, tukapokea mishahara. Adabu ile tuliyoisema ya wateja, sisi ndio tulioanza nayo.

MAOMBI

Tunaomba brashi ya kuoshea mapipa. Moja tu inatosha.

Tunaomba Umoja wenu usitunyang'anye cheti. Tumedumu kweli, hilo hakuna wa kulikataa. Kama kuna nafasi chini ya jina la kiwanda, andikeni tu kwamba mmekuja mkaona uwanja.

Ombi la mwisho si lako, Maman, ni la Papa. Papa Munyemana, kiti chako kiko huku mbele, si kule mlangoni. Asante.

Mezani kwa mgeni kuna chupa ya Spesheli. Ni ya pipa la wiki hii, ambalo Maman Drocella hakuruhusiwa kuligusa. Limepikwa na Niyomugabo, mtoto wa kaka yake Papa, kwa maelekezo ya Papa. Niyomugabo, hatukulaumu. Sasa, desturi ya hapa kila mtu anaijua: mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni wake, ili mgeni anywe bila wasiwasi. Papa wetu hatujamwona akionja Spesheli tangu mwaka wa pili. Husema daktari amemkataza bia. Lakini bia za kiwanda kikubwa daktari huyo hazimhusu, na sisi ndio tunaokusanya chupa anazomaliza Papa.

Uwineza anakuja na glasi. Papa, hiyo si glasi ya kuonjea, ni glasi ya mteja, imejazwa mpaka juu kama unavyotuagiza tuwajazie wengine. Tunakuomba uinywe yote, bila sambaza. Ukiimaliza, ukatugeukia na kusema kwamba ni nzuri, tutaikunja karatasi hii, na Maman Drocella ataondoka Ijumaa bila neno. Ikikushinda njiani, ile barua iko hapa mkononi mwangu. Uichane mwenyewe, mgeni akiona.

Hatuna haraka. Leo hata mvua haipo.

Maman Mukabalisa, Mungu akurudishe salama kwako, akupe afya na masikio haya haya uliyotupa leo. Aibariki migomba ya Giheke, awalinde madereva wa Muganza kwenye kona zao, na ampe Papa Munyemana moyo wa kumeza.

Ni sisi wafanyakazi wa Kiwanda na Kabare ya Munyemana, Giheke, pamoja na Maman Drocella.