Marehemu Abid Hussainali Rajabali, Aliyengoja Njia Ifunguke

Kwa ruhusa ya sheikh wetu, wazee wetu, kina mama mlioko upande wa pili wa pazia, na nyote mliofika hapa msikitini leo Jumatano, tarehe 28 Januari 2026, familia inawasomea historia ya mpendwa wetu, marehemu Abid Hussainali Rajabali. Historia hii imeandikwa na mkewe, Bibi Naseem, kwa mkono wake mwenyewe, na inasomwa na mwanawe Samir, ambaye tangu utotoni baba yake alimsemesha Kiswahili naye akamjibu Kiingereza, kwa hiyo akikwama mahali mtamwia radhi, mama yake amemsomesha karatasi hizi siku mbili nzima. Bibi Naseem anajua kwamba wengi wenu mmekuja na swali moyoni, kwa nini mtu aliyefariki Jumapili asubuhi anazikwa Jumatano, jambo ambalo kwetu si la mazoea na tayari limeshasemwa sana kwenye simu, na anaomba mvute subira, jibu limo humuhumu.

Marehemu alizaliwa mjini Pangani, mkoa wa Tanga, tarehe 3 Agosti 1949, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Hussainali, aliyekuwa na duka la vyombo, na marehemu Bibi Samina. Alianza shule ya msingi hapohapo Pangani mwaka 1956, akaendelea na sekondari Tanga hadi mwaka 1967, ambako kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa wa kwanza katika jiografia, na kwa maelezo ya nduguze alikuwa wa kwanza kwa sababu wenzake wote walikuwa uwanjani wakicheza kriketi.

Mwaka 1968 baba yake alimtaka dukani, yeye akakataa, akaajiriwa kituo cha hali ya hewa Tanga, kazi yake ikiwa kusoma kipima mvua kila siku saa tatu asubuhi na kuandika daftarini, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini bila kukosa, hata siku ambazo jua lilikuwa linapasua mawe na kila mtu aliona kwamba hapana cha kupima. Tarehe 19 Oktoba 1975 alifunga ndoa na Bibi Naseem hukohuko Tanga, na kwa kuwa bwana harusi ndiye mtu wa hali ya hewa, aliwahakikishia wakwe zake kwamba siku hiyo haitanyesha, ikanyesha tangu asubuhi, biriani ikaliwa chini ya maturubai yaliyoazimwa, naye mkewe akamkumbusha jambo hilo kwa miaka hamsini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ruqayyah, aliyezaliwa mwaka 1978, na Samir, aliyezaliwa mwaka 1983.

Familia ilihamia Toronto mwezi Novemba 1988, wakakaa St. James Town, ghorofa ya kumi na nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa na siku zake za kufanya kazi. Marehemu aliingia Kanada na sweta moja, kwani kwa hesabu zake baridi ya Lushoto ilikuwa ndiyo mwisho wa baridi, na theluji yake ya kwanza aliipokea kwa ndara, akiwa ameshuka kutupa taka. Hakurudia tena, na tangu siku hiyo alianza kujifunza theluji kama alivyojifunza mvua, akiandika daftarini ilianza saa ngapi, imefika wapi kwenye ngazi za mlangoni, na magreda yamepita saa ngapi kuisukuma.

Mwaka 1991 alipata kazi ya udereva wa basi la shule, mwaka 1996 familia ikahamia hapa Agincourt, na kazi hiyo akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2014 bila basi lake kugusa hata nguzo. Kila alfajiri ya majira ya baridi aliamka saa kumi na moja, akafungua redio kusikia kama mabasi yatatoka, na yakisimamishwa alirudi kitandani kwa amani, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata amri, na kuhusu watoto wa watu hakuwa na mzaha.

Sasa tunafika mahali ambapo historia nyingi za marehemu hupita pembeni, lakini mwenyewe aliagiza pasirukwe.

Jumatano, tarehe 6 Februari 2008, alfajiri, alifariki rafiki yake mkubwa, Mzee Zulfikar, na marehemu ndiye aliyekuwa akisimamia kamati yetu ya mazishi. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imeshatoa onyo la theluji, mabasi ya shule yalikuwa yamesimamishwa, yeye mwenyewe alikuwa nyumbani kwa sababu hiyohiyo, na watu wa makaburini walipiga simu kusema wako tayari kungoja hata siku mbili, lakini marehemu akasema maiti wetu halazwi, kwao Pangani mtu akifa asubuhi alasiri ameshazikwa, akashika simu akawapigia watu thelathini na wawili, mmoja mmoja, na aliyesitasita alimwambia kwamba Zulfikar asingesitasita kwa ajili yake. Mtu ambaye siku ile asingethubutu kumpakia mtoto mmoja kwenye basi aliwatoa watu wazima thelathini na wawili barabarani, na hakuliona hilo, wala sisi wengine hatukuliona, kwa sababu kwetu msiba ni msiba, na kutokwenda kuzika ni aibu ambayo mtu huibeba mpaka kwa wajukuu.

Wa mwisho kupigiwa alikuwa Amirali, mdogo wake Bibi Naseem, ndugu yake wa pekee katika nchi hii, aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na saba na akiishi St. James Town, naye akajibu maneno mawili tu, "Nakuja, shemeji." Gari lake liliteleza kwenye mteremko wa kutokea barabara kuu, likaingia mbele ya lori, na Amirali akafariki hospitalini jioni ileile, kabla theluji haijaacha kuanguka.

Bibi Naseem hakumlaumu mumewe mbele ya watu, wala hakumsamehe. Alimpikia, alimfulia, alimwitikia salamu, na kwa miezi minne hakumwambia neno ambalo halikuwa na lazima, na hata yaliporudi mazungumzo ya kawaida ya mke na mume, jina la Amirali lilibaki kati yao, hakuna aliyeligusa. Marehemu alijiuzulu kamati ya mazishi, na kila majira ya baridi alikwenda makaburini na ufagio, akaondoa theluji juu ya kaburi la Zulfikar, halafu juu ya kaburi la shemeji yake, ambako alikawia zaidi.

Mwezi Desemba 2008 alianza kuwapigia simu wazee wetu alfajiri, kumi na mmoja kwa kuanzia, wale ambao redio ya Kiingereza iliwapita, akiwaeleza kwamba taarifa ni ya kujua, tahadhari ni ya kufikiri mara mbili, na onyo ni la kuvua viatu na kurudi ndani. Simu zilipokuwa nyingi akahamia kwenye kundi la WhatsApp, akawa anatuma ujumbe wa sauti saa kumi na moja na nusu, siku zote kwa maneno yaleyale, ama "njia iko wazi, tokeni taratibu," ama "njia imefungwa, kaeni ndani," na kundi likakua mpaka likapita watu mia tatu, wetu na wasio wetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo. Bwana Ismaël, mzaliwa wa Bukavu, anayeendesha gari la kumwaga chumvi barabarani, alikuwa akimpigia kabla ya wote, "Papa Abid, chumvi tumemwaga, lakini kule kwa mteremko bado ni vibaya, wangoje kwanza." Bibi Asumpta, anayehudumia wazee majumbani kule Regent Park, anakumbuka kwamba msimamizi wake alipomuuliza kwa nini amechelewa, alimjibu, "Mzee Abid hajafungua njia," na baada ya miaka miwili msimamizi naye akawa anauliza Mzee Abid amesema nini leo.

Watu walimsikiliza kwa mambo yote isipokuwa moja. Kazini walichelewa, harusi waliahirisha, hata majlisi walisikilizia nyumbani, lakini pakitokea msiba siku ya onyo walitoka, naye akawabembeleza, akawagombeza, akaambiwa kwamba Abid amezeeka amekuwa mwoga wa baridi. Mwaka 2019, baada ya mazishi ya namna hiyo ambayo magari mawili yaliishia mtaroni, ingawa kwa rehema ya Mungu hakuumia mtu, alirudi nyumbani akaandika wasia wa mistari mitatu, akampa mkewe mkononi, umeandikwa hivi: "Nikifa siku ya onyo, nisizikwe mpaka njia iwe wazi kwa wa mwisho anayetaka kuja. Wa kwanza kungoja niwe mimi. Sitaki mtu mwingine anifuate kama Amirali." Bibi Naseem aliusoma, akaukunja, akauweka kwenye mkoba wake wa pasipoti, akaenda kuangalia chungu chake jikoni.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho tangu tarehe 18 Desemba 2025 hadi tarehe 9 Januari mwaka huu, na hata kitandani hospitalini alituma ujumbe wake, ingawa sauti ilikuwa imepungua na wauguzi walidhani anaswali. Jumamosi, tarehe 24 Januari, alituma wa mwisho, mnaukumbuka, alisema, "Kesho ni onyo, si tahadhari. Njia imefungwa, kaeni ndani, na atakayekufa kesho atangoja," na wengi wenu mlimjibu kwa vicheko. Jumapili, tarehe 25 Januari, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, theluji ikiwa imeshafunika magari hadi kwenye vioo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, Abid alifariki dunia.

Kufikia adhuhuri watu kumi na tisa walikuwa wamepiga simu kusema wameshavaa mabuti na wanakuja, na miongoni mwao walikuwamo wazee wa miaka themanini. Bibi Naseem alimpigia sheikh, naye akamwambia kwamba uhai wa walio hai unatangulia, halafu Bibi Naseem akachukua simu ya mumewe, ambayo hakuwahi kuigusa, akasema kwenye kundi, "Abid ametangulia. Njia imefungwa, kaeni ndani. Atawangoja." Siku mbili zilizofuata alipokea pole, na pamoja na pole akapokea mengine, kwamba amemlaza mumewe kwenye baridi kama mtu asiye na ndugu, kwamba Toronto imemsahaulisha alikotoka, na aliyesema hivyo hakukosea kuumia, kwa sababu hata yeye Bibi Naseem kule kungoja kuliendelea kumuuma kila alipoangalia saa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hususan muuguzi Jepchirchir, aliyekuja kumwona hata siku zisizo zake, majirani walioondoa theluji ngazini kwetu bila kuombwa, madereva wenzake wa mabasi ya shule, ambao leo wameketi safu ya nyuma, na Bwana Ismaël, ambaye tangu jana amepita barabara ya makaburini mara nne. Asubuhi ya leo, saa kumi na moja na nusu, Samir ndiye aliyetuma ujumbe, kwa Kiswahili, kwa maneno ya baba yake, na mmekuja nyote, tumewahesabu mlangoni.

Limebaki jambo moja, ambalo Bibi Naseem ameomba lisomwe polepole. Kwa miaka kumi na minane marehemu hakuwahi kumuuliza kama amemsamehe kwa ajili ya Amirali, na yeye hakuwahi kusema, kwanza kwa sababu hakuwa amesamehe, na baadaye, alipokuwa amesamehe zamani, kwa sababu aliona kwamba mtu anayeamka kila alfajiri namna ile atakuwa anajua. Sasa haamini tena kwamba alijua, na anajuta, na lawama za siku tatu hizi amezibeba bila kujibu kwa sababu zilikuwa ni za kumbebea mumewe.

Abid, Naseem amekusamehe. Watu wako wote wamefika salama, hakuna aliyeteleza. Njia iko wazi sasa, nenda taratibu, ukapumzike kwa amani.